Siku Mbiu Ilipomwita Watasema

Sahani hiyo ya pweza ipitisheni huko, mie sili, na msinitazame hivyo. Najua mnasema nimeapizwa, wengine mnasema tumbo langu la kizungu, basi leo niacheni niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine akatia chumvi (maana Ndagoni nzima wanalijua, na Kilindoni walipelekewa kesho yake asubuhi), kwamba mie Shomari, mpiga mbiu wa Liwali, mtu mzima na ndevu zangu, niliumbuliwa na mbwa mbele ya wakwe, siku ya Ijumaa, watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini. Mpaka leo nikipita pale uwanjani natazama chini.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, Uhuru hata hatujauota. Mambo ya serikali siku hizo hayakuja kwa redio, redio ya nani? Yalikuja kwa mdomo wangu. Liwali akitaka visima visafishwe au njia ifyekwe, ananiita, ananipa maneno, nami nachukua mbiu, pembe ya nyati iliyotobolewa ubavuni, nazunguka kijiji baada ya kijiji, napuliza, watu wanatoka majumbani, natangaza. Na nilijivuna nayo, nisiwadanganye. Nikipita njiani nimeitundika begani nilikuwa sigeuzi shingo, mtu akinisalimu namjibu kwa mbali kama vile Liwali ni mie na yule wa Kilindoni ananishikia kiti tu.

Mwaka huo ukatuingilia ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mbwa mmoja alishushwa na chombo kutoka bara, akamuuma mkwezi mmoja huko upande wa kaskazini, jeraha lenyewe dogo, likapona, watu wakasahau, kisha yule bwana akaanza kuogopa maji, ukimletea kikombe anapiga mayowe, na maskini hakuinuka tena. Kisiwa kizima kikaingia hofu. Amri ikatoka Boma: kila mwenye mbwa amfunge kamba asizurure, na siku ya Alhamisi amlete uwanjani Kilindoni, bwana mifugo amchome sindano na kumvisha kibati cha shaba shingoni, na mtu asipakie mbwa chomboni kwenda visiwani Chole wala Juani wala popote, na baada ya Alhamisi hiyo mbwa atakayeonekana hana kibati atapigwa risasi.

Liwali akanikaririsha maneno hayo mpaka akaridhika.

"Shomari," akaniambia, "hili si la kisima. Hili la roho za watu. Asibaki mtu hajasikia."

"Bwana," nikamjibu, na kifua mbele, "hata viziwi watasikia."

(Ulimi hauna mfupa, jamani.)

Basi nikazunguka. Wallahi kazi nilifanya, nilitembea mpaka ndara zikakatika, napuliza, natangaza, nanywa dafu, naendelea. Ndagoni nikaiweka mwisho kwa sababu ndiko kwangu, nimeoa huko na nimejenga jirani na mama mkwe, nikajiambia nikimaliza kazi niwe nimefika nyumbani. Nilipoingia kijijini ilikuwa baada ya alasiri, sauti imekauka, miguu inawaka moto.

Sasa hapa lazima niwaambie habari za mama mkwe. Bi Tatu alikuwa mjane, ana shamba lake la muhogo karibu na njia ya Ras Kisimani, na nguruwe mwitu wa kule mnawajua, usiku mmoja wanalima shamba zima kwa pua, asubuhi unakuta mashimo. Alikuwa hana mtoto wa kiume wa kulala dunguni, kwenye ulingo wa shambani, kulinda. (Mkwe alikuwepo, ndiyo, lakini mkwe alikuwa mtu wa serikali, halali dunguni.) Basi akafuga mbwa. Watu wakasema, mwanamke Mwislamu, mjane, na mbwa, tena wapi na wapi, ingawa mwalimu wa chuo cha Kurani mwenyewe alishasema mbwa wa kulinda shamba hana ubaya alimradi asiingie ndani wala asiguse vyombo. Bi Tatu hakugombana na mtu, akamwita yule mbwa Watasema, yakaisha. Na tangu Watasema aanze kulala chini ya dungu, Bi Tatu hakupoteza muhogo. Chakula chake chote kilitoka pale, na chetu pia, nusu yake.

Na mie na Watasema tulikuwa marafiki, lakini marafiki wa siri. Jioni nilikuwa najaribu mbiu yangu kule nyuma ya shamba, nisikike vizuri nikienda kazini, na yule mbwa akija namtupia kichwa cha samaki (mbwa akikutazama vile utafanyaje), hata ikawa mbiu ikilia tu, popote alipo, Watasema anakuja mbio. Hilo liwekeni akilini.

Haya. Nimeingia kijijini na mbiu begani, nia yangu niende moja kwa moja uwanjani pale mbele ya msikiti nipulize. Njia inapita kwa Bi Tatu. Napita, pua ikapokea harufu. Pweza! Pweza wa nazi, aliyepigwa akalainika, na wali unapumua kwenye chungu. Mke wangu Mwanahawa alikuwa pale kwa mama yake, akaniona.

Bi Tatu akasema kutoka nyuma ya mlango, maana yule mama hakunikabili uso kwa uso tangu siku ya ndoa, kwa haya ya ukwe ya watu wa zamani, "Mwanahawa, mwambie mumeo akae barazani, chakula ki tayari."

Hapo ndipo nilipoamua. Uamuzi mdogo tu, mdogo kama punje. Nikasema moyoni, acha nile kwanza, mbiu haiendi popote, na mwenye njaa hapulizi.

Nikakaa. Nikaletewa sinia. Bi Tatu akauliza tena nyuma ya mlango, "Mwulize mumeo, huko alikotoka kuna habari gani?"

Jamani, si alinifungulia mlango mwenyewe? Ningesema tu, mama, mfunge mbwa wako, Alhamisi tumpeleke Kilindoni. Lakini mtu na mkwewe, tonge li mkononi, unaanzaje kutaja mbwa? Mbwa hatajwi kwenye chakula hata na watoto, sembuse mkwe kumtajia mkwe. Niliona haya. Nikasema, "Mwambie mama habari njema tu."

Na nikala. Nilikula, ndugu zangu, mpaka Mwanahawa akaniletea nyongeza bila kuombwa. Nikajinyoosha pale pale kwenye mkeka nipumzike kidogo, na kilichoniamsha ni adhana ya magharibi. Na usiku mbiu hailii, ikilia usiku watu wanajua kuna maiti au kuna vita, wangetoka na mapanga. Nikasema nitapiga asubuhi. Alfajiri akaja tarishi mbio, Liwali ananitaka upesi Kilindoni nikapige vigingi vya kufungia mbwa uwanjani. Nikasema mbiu nitapiga nikirudi.

Liwali akaniuliza, "Umemaliza vijiji vyote?"

"Vyote, bwana."

"Na Ndagoni?"

"Bwana, hata viziwi wamesikia."

Naona mnacheka. Chekeni. Maana tangu hapo Liwali hakuniachia nafasi, mara vigingi, mara kamba, mara maji ya mbwa, kila siku najiambia leo jioni nitachomoka niende, na jioni inanikuta nimechoka. Alhamisi ikafika. Uwanja ukajaa mbwa, weusi, wekundu, wenye kigaga, wengine wamebebwa kwenye magunia kama kuku, wenye mbwa wamewashika mbali kwa kamba ndefu kanzu zisiguswe, na kila anayetoka shingo yake inang'aa kibati. Watu wa kila kijiji walikuja. Liwali akawa anauliza, hawa wa wapi, hawa wa wapi. Jua likageuka. Wa Ndagoni, hata mmoja.

"Shomari," akaniita, "watu wako wako wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya pili hapo. Ya kusema kweli. Badala yake nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia usiku najigeuza kitandani, nikasema, "Bwana, watu wa Ndagoni wakaidi tangu zamani."

Watu walionilisha! Walionipa mke!

Liwali akakunja uso. "Kesho Ijumaa tutakwenda wenyewe. Mie, bwana mifugo, na askari mwenye bunduki. Na wewe utatangulia na mbiu yako."

Nikaomba niende jioni ile ile niwatayarishe watu. Akakataa, akasema nimechoka, akaamuru nilale barazani kwake tuondoke pamoja. Nililala macho wazi. Nilimwona Watasema kila nilipofumba.

Tukafika Ndagoni na gari la Boma karibu na saa ya sala. Tukasali na watu, mie rakaa zangu sijui nilisoma nini. Tulipotoka, wanaume wote wako uwanjani na kanzu nyeupe za Ijumaa, zimepigwa pasi, wanawake wamesimama pembeni kwenye vibaraza vyao wanatazama gari, na wazee wa kijiji wanamkaribisha Liwali kwa heshima, hawajui kabisa kimewaleta nini. Nikawa naziona nyuso zao zilivyofurahi.

"Piga mbiu," Liwali akasema, "na walio mashambani waje."

Nikaitia mdomoni nikapuliza upepo mtupu. Pfff. Watu wakacheka.

"Shomari! Umekula nini leo? Puliza!"

Nikakosa pa kukimbilia. Nikapuliza. Na pembe ile, ilivyo na uhasidi, siku hiyo ililia vizuri kuliko siku zote.

Haikuisha kulia nikasikia kelele za watu huko nyuma, "Ala! Ala! Mbwa! Kanzu zangu mie!" Nikajua. Wazee waliokuwa wakitembea kwa mkongojo nikawaona wanaruka vibarazani kama vijana wa ngoma, uwanja ukafunguka katikati, na katika njia ile akaja Watasema, mkia juu, masikio nyuma, kipande cha kamba iliyokatika kinaburutika, hana kibati, akanirukia mie kifuani kwa miguu ya mbele yote miwili, akanilamba mkono, akanilamba kidevu, kisha akailamba mbiu pale pale pa kutia mdomo. Kisha akakaa chini akanitazama, anasubiri kichwa chake cha samaki.

Kanzu yangu ina nyayo mbili za matope.

"Anakujua," Liwali akasema.

Nikajipangusa kidevu kwa mkono wa kanzu.

"Mbwa huyu wa nani?"

Wallahi nilikaa kimya. Sauti ikatoka upande wa wanawake, "Wangu mie, Bwana Liwali." Bi Tatu. Akajitokeza, buibui amelishika chini ya macho.

"Mama, hukusikia mbiu ya Boma? Mbwa wote wafungwe, wapelekwe Kilindoni?"

"Mbiu gani, bwana?"

Watu wakaanza kunong'ona, mbiu gani, lini, nani kasikia. Askari akaishusha bunduki begani. Bwana mifugo, kijana wa kizungu, akasimama na mkoba wake hajui afanye nini. Na Liwali akanigeukia mie, taratibu.

"Shomari. Hapa Ndagoni ulipiga?"

Nikamtazama Watasema. Nikawatazama watu. Nikaiona kazi yangu, mbiu yangu, shingo yangu isiyogeuka njiani. Nikisema sikupiga nimekwisha. Nikisema nilipiga, mbwa wa kijiji kizima wanapigwa risasi na huyu ndiye wa kwanza, na nguruwe usiku huo huo wanaingia kwenye muhogo wa mjane. Nilijua yote hayo, msidhani sikujua.

Nikasema, "Nilipiga, bwana."

Yule mama alikuwa na haki ya kunifunua pale. Siku ile nilikuwa kwake, yeye kapika, kaniona nimelala na mbiu kichwani kama mto. Angesema neno moja tu. Nilimsubiri aliseme. Akasema mbele ya wote, sauti haitikisiki:

"Mkwe wangu akisema kapiga, kapiga. Sie ndio hatukusikia."

Akainama, akaokota kile kipande cha kamba, akamvuta Watasema kwa upole mpaka kwa askari. Na mbwa mwenyewe anamfuata vizuri tu, mkia unatikisika. Akasema, "Lakini, mwanangu, nakuomba, usimpigie hapa. Mpeleke nyuma ya minazi kule. Mkwe wangu anaona haya, asimwone."

Jamani.

Sijui nilianzaje, nilijiona nimepiga magoti mchangani nalia, kilio cha aibu, makamasi yanatoka, "Sikupiga! Bwana Liwali, Ndagoni sikupiga! Wao si wakaidi, hawakusikia kitu!"

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Pweza."

"Pweza wa nani?"

Nikamwonyesha Bi Tatu kwa kidole. Na hapo ndipo mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima, mpaka yule askari akageuka upande mabega yanatikisika. Liwali peke yake hakucheka.

"Mtu kafa kwa ugonjwa huu," akaniambia polepole, "nikakwambia ni roho za watu. Na wewe unakula pweza." Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

Akamwambia bwana mifugo afungue mkoba, mbwa wa Ndagoni wachomwe sindano pale pale siku hiyo, wa kwanza Watasema. Akachomwa, hata hakulia, akavishwa kibati. Kisha Liwali akasema mbiu iende kisimani ikatwaharishwe, na kazi yangu ya Ndagoni niifanye sasa hivi, kwa maneno atakayonipa yeye.

Mbwa akilamba kitu kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, hilo mnalijua. Basi kijiji kizima kikanifuata kisimani kunitazama naosha, na wananihesabia kwa sauti, "Tatuuu! Nneee!" kama watoto wa chuo, na nilipomaliza kuosha mbiu mmoja akapiga kelele, "Na kidevu!" nikaanza upya na kidevu, na udongo wake.

Kisha nikazunguka. Nyumba kwa nyumba, kanzu imelowa, nikipuliza na kutangaza, "Enyi watu wa Ndagoni! Fungeni mbwa wenu muwalete uwanjani wachomwe sindano! Mbiu hii ilikuwa ilie tangu wiki iliyopita! Haikulia kwa sababu mie Shomari nilikuwa nakula pweza!" Na kila nikipuliza Watasema yuko nyuma yangu, ananifuata kwa imani kabisa, kibati kinalia kling, kling. Walileta mbwa wote, hakubaki hata mmoja, kwa hiyo naweza kusema siku hiyo kweli viziwi walisikia.

Jua likizama nikamrudishia Liwali mbiu kwa mikono miwili. Akaipokea, hakunirudishia tena. Wiki iliyofuata niliisikia inalia mdomoni mwa mtu mwingine, na Watasema akaniacha shambani akaifuata.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Nikasema sasa mama mkwe atanena, na ana haki, na mke wangu atachukuliwa, na ana haki pia. Mwanahawa akaingia na sinia limefunikwa kawa. Akaliweka mbele yangu, akafunua. Pweza wa nazi, na wali, na kipande kikubwa kimewekwa juu kama cha mgeni.

"Mama kasema ule, ushibe," akaniambia, hana hata dalili ya kucheka. "Kasema leo umefanya kazi."

Nikamega tonge. Halikwenda. Nikalizungusha mdomoni, halikwenda, nikamwomba Mwanahawa maji, hayakwenda pia.

Bi Tatu aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakulitaja tena, si kwangu wala kwa mwanawe, na kuanzia usiku wa kesho yake nani alikuwa akilala dunguni na Watasema kulinda muhogo, hamna haja ya kuuliza. Pweza sijamla tena. Nitakula vyenu vyote, hicho kipitisheni huko, na kama kuna aliyetumwa kitu na mtu leo akapita hapa kwa harufu ya chakula, ainuke aende kwanza, sinia tutamfunikia.